Kichwa Kilianzaje? Swali la Kuuliza Kabla ya Kumeza Panadol

Mtu akisema kichwa kinamuuma, nyumbani huulizwa kama kinauma sana na kama amekula. Kisha huletewa Panadol na glasi ya maji, akaambiwa alale kidogo. Kwa vichwa vingi utaratibu huo unatosha. Njaa, kiu, usingizi haba, mafua, malaria, misuli ya shingo iliyokaza na kipandauso ndivyo vinavyowasumbua watu wengi, na hakuna hata kimoja kinachoanzia kwenye kasoro ya mishipa ya damu ndani ya ubongo.

Wapo wachache ambao maumivu yao hutoka hapo hasa: mshipa umevimba, umechanika, umeziba au umeanza kuvuja. Kuwatambua kwa ukali wa maumivu peke yake ni vigumu. Kipandauso huweza kumliza mtu mzima usiku kucha na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Damu inayovuja nayo huweza kumwacha mgonjwa akitembea na kuzungumza, akiona haya kusumbua watu kwa ajili ya kichwa tu. Kinachosaidia zaidi ni kujua mwanzo wa maumivu: yalianza vipi, saa ngapi, mgonjwa akifanya nini, na yanafanana na yale aliyoyazoea au la. Ukizoea kuuliza hivyo nyumbani, utajua lini utulie na lini utafute gari.

Kasoro zenyewe

Ya kwanza ni anurisimu, yaani kivimbe kwenye ukuta wa ateri. Hutokea mara nyingi chini ya ubongo, pale ateri zinapogawanyika na damu kugonga ukuta kwa nguvu. Sehemu hiyo hudhoofika kidogo kidogo, ikatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Kwa makadirio, watu wazima 3 hivi katika kila 100 wana kivimbe cha aina hii, na wengi wao huishi nacho hadi uzeeni bila kujua, kwa sababu kivimbe kidogo kisichopasuka kwa kawaida hakiumi. Kikipasuka, damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo. Hiyo ni aina ya kiharusi, na huua au kuacha ulemavu mkubwa asipowahiwa mgonjwa.

Ya pili ni fundo la mishipa, ambalo aghalabu mtu huzaliwa na chanzo chake. Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri, ikapita katika mishipa myembamba mno inayopunguza kasi yake, kisha ikaingia kwenye vena. Kwenye fundo, ateri huunganika na vena moja kwa moja, na vena hulazimika kubeba damu yenye msukumo ambao haikuumbwa kuuhimili. Wengi hugundulika wakiwa vijana, kwa kuvuja damu, kwa kuanguka kifafa au kwa maumivu ya kichwa yasiyoeleweka. Uwezekano wa fundo kuvuja hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 4 kwa mwaka.

Ya tatu ni damu kuganda ndani ya vena za ubongo. Hii huwapata zaidi wanawake wajawazito, waliojifungua karibuni na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Maumivu yake yanaweza kujijenga kwa siku kadhaa, yakizidi mgonjwa anapolala au kukohoa, na macho huanza kuona ukungu.

Ya nne ni ukuta wa ateri ya shingo kuchanika kwa ndani. Huanza na maumivu ya upande mmoja wa shingo au kisogo, pengine baada ya ajali, kuanguka, au shingo kuzungushwa kwa nguvu. Wale wenye mazoea ya kumwachia kinyozi aivunje shingo baada ya kunyoa waache. Madhara hutokea kwa nadra, lakini faida yenyewe ni mlio tu.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Dalili kubwa kuliko zote ni maumivu yanayofika mwisho wa ukali wake ndani ya dakika moja. Mtu alikuwa mzima, akachota maji, akainua ndoo, na kabla hajaitua ameshika kichwa. Akiulizwa huweza kutaja alichokuwa anakifanya wakati ule ule. Mwenye kipandauso kwa kawaida huyaona maumivu yakipanda taratibu, kwa dakika nyingi au saa kadhaa. Maumivu ya ghafla namna hii hutibiwa kama dharura hata yakipungua baada ya saa moja. Si kila anayeyapata amevuja damu, lakini hakuna njia ya kujua ukiwa sebuleni.

Wapo wanaopatwa nayo wakati wa tendo la ndoa, au wakijikamua chooni, na kwa haya wanamwambia daktari kwamba walikuwa wamelala tu. Semeni ukweli. Daktari amekwisha kuyasikia hayo mara nyingi, na jibu hilo linaweza kubadili vipimo atakavyoagiza.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo pia ukiona mojawapo ya haya:

- Kichwa kinauma na mgonjwa amezimia, amechanganyikiwa au ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza.
- Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawasawa, au anaona vitu viwili viwili.
- Kope moja imeshuka ghafla na mboni ya jicho hilo imetanuka. Huenda kivimbe cha ateri kinabana mshipa wa fahamu wa jicho, na pengine kiko karibu kupasuka.
- Shingo imekaza, anatapika, mwanga unamuumiza. Kukiwa na homa, yawezekana ni homa ya uti wa mgongo, ambayo nayo haisubiri.
- Mjamzito aliyepita wiki ya 20, au mzazi aliye ndani ya arobaini, ana kichwa kikali au anaona maruweruwe. Apimwe presha mara moja. Ikiwa 140/90 au zaidi, kifafa cha mimba kinaweza kuwa njiani. Presha ikiwa sawa, bado damu iliyoganda kwenye vena ifikiriwe.
- Mgonjwa wa selimundu ana kichwa kipya kikali, awe mtoto au mtu mzima. Ugonjwa huo huharibu mishipa ya ubongo na kuleta kiharusi mapema.

Kuna dalili nyingine ambazo hazihitaji kukimbia usiku, ila zinahitaji miadi na daktari: maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50; kipandauso kisichobadili upande hata mara moja kwa miaka; sauti ya mapigo ya moyo inayosikika sikioni wakati wote; au maumivu uliyoyazoea ambayo sasa yamebadilika na yanazidi wiki hadi wiki.

Mambo yanayotupoteza

La kwanza ni nafuu. Panadol ikituliza maumivu, familia hukata shauri kwamba hakikuwa kitu. Dawa ya maumivu hupunguza maumivu, haisemi yametoka wapi, na hata kichwa cha damu iliyovuja huweza kutulia kwa muda. Baadhi ya wagonjwa hupata kichwa cha ghafla siku au wiki chache kabla ya mpasuko mkubwa, pengine kwa sababu kivimbe kimevuja kidogo. Wakipimwa wakati ule, wanaweza kutibiwa kabla ya balaa lenyewe.

La pili ni malaria. Katika maeneo ambako ugonjwa huu upo mwaka mzima, mtu mzima anaweza kukutwa na vimelea huku kinachomwangusha ni kitu kingine. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, atibiwe malaria. Lakini kichwa kilichoanza kwa dakika moja bado hakijapata maelezo, na ndugu ana haki ya kumkumbusha mhudumu jambo hilo kwa adabu.

La tatu ni presha. Wengi huamini kichwa kikiuma, presha imepanda. Kwa kweli presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote, ndiyo maana huharibu mishipa kimyakimya kwa miaka. Mtu aliyevuja damu kwenye ubongo naye huweza kupimwa presha ikawa juu sana kwa sababu ya kuvuja huko. Familia ikaona imepata jibu, wakati imepata matokeo tu.

La nne ni jini. Kijana akianguka, akatoa povu na kuamka haelewi kitu, hutafutiwa mganga au msomaji wa dua. Dua haimzuii mtu kupimwa. Someni dua ndani ya gari, mkielekea hospitali. Kifafa kinachoanza ukubwani kinahitaji picha ya ubongo, kwa kuwa fundo la mishipa ni mojawapo ya vyanzo vyake.

La tano ni mazoea ya vidonge. Anayemeza dawa za maumivu kila mara huzalisha kichwa kingine juu ya kile cha kwanza. Kwa paracetamol au ibuprofeni peke yake, mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa vidonge mchanganyiko vyenye kafeini ni siku 10. Aliyevuka mpaka huo kwa zaidi ya miezi mitatu anahitaji mpango wa kuacha, na kelele za kichwa hicho cha kila siku zisimfanye apuuze siku kitakapokuja kingine kisichofanana nacho.

Saa ya kwanza

Tazama saa na uandike muda maumivu yalipoanza. Ikiwa mgonjwa alikutwa amelala hajitambui, andika alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi.

Mlaze, kichwa kikiwa juu kidogo ikiwa ana fahamu. Akiwa amesinzia sana au anatapika, mgeuze ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu, na usimpe chakula, uji wala maji. Akianguka kifafa, ondoa vitu vya kumuumiza karibu naye na usimtie kijiko mdomoni.

Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, na usimpitishe duka la dawa kuchomwa sindano ya maumivu. Dawa hizi hupunguza uwezo wa damu kuganda. Kama anameza vizuri na ana fahamu kamili, paracetamol haina neno. Usimpe kidonge cha presha cha jirani, kwa kuwa presha ikishushwa ghafla bila uangalizi, ubongo unaweza kukosa damu. Kuumikwa nako kusubiri.

Asiendeshe gari mwenyewe, wala asipakiwe kwenye bodaboda ikiwa usafiri mwingine upo, maana anaweza kupoteza fahamu njiani. Kabla ya kuondoka, ndugu mmoja apige simu kuuliza kama hospitali mnayoiendea ina mashine ya picha ya CT na kama leo inafanya kazi. Kituo cha afya cha jirani kinafaa ikiwa mgonjwa hapumui vizuri au amezimia, lakini mkifika hapo ombeni rufaa mapema. Hatari ya kivimbe kuvuja mara ya pili ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, na mara ya pili huua wengi zaidi.

Maneno ya kusema mapokezi

"Mgonjwa anaumwa kichwa" ni sentensi inayomweka mtu mwisho wa foleni. Sema namna hii: "Daktari, mama yetu ana miaka 52. Leo saa 4 asubuhi alikuwa anachambua mchele, akashika kisogo ghafla. Haikupita dakika moja maumivu yakawa makali kabisa. Ametapika mara mbili, na hajawahi kuumwa kichwa cha namna hii. Anatumia dawa ya presha. Tumempa Panadol mbili." Hapo una mwanzo, kasi, dalili nyingine, historia na dawa. Taja pia dawa za kuzuia damu kuganda kama anazitumia, ujauzito kama upo, na ndugu wa damu aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo au kufa ghafla baada ya kuumwa kichwa.

Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni CT ya kichwa bila dawa ya picha inayochomwa mshipani, kwa kuwa huonyesha damu iliyomwagika. Kikifanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na kusomwa na mtaalamu mzoefu, hukosea mara chache mno. Kadiri saa na siku zinavyopita, damu huyeyuka na picha huweza kuonekana safi. Ndiyo maana kuchelewa nyumbani kunapunguza hata uwezo wa mashine kukusaidia.

CT ikiwa safi na wasiwasi ukabaki, daktari anaweza kuomba kuchukua maji ya uti wa mgongo, hasa baada ya saa 12, wakati damu iliyovunjika imeshayapa rangi ya njano. Familia nyingi hukataa hapa, zikiamini kipimo hicho kinapoozesha. Sindano huchomwa chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Kero inayojulikana zaidi ni kuumwa kichwa ukisimama kwa siku chache. Ulizeni maswali yote, lakini msikatae kwa sababu ya hadithi za mtaani.

Damu ikionekana, hufuata picha ya mishipa yenyewe: CT au MRI ya mishipa, au angiografia ambapo mrija mwembamba hupitishwa kutoka kwenye paja au kifundo cha mkono hadi kwenye ateri za ubongo. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhuriwa na dawa ya picha, aseme mapema. CT ya kawaida pekee huonyesha damu na mara nyingi haionyeshi ilikotoka, kwa hiyo mtu aliyevuja asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajauliza: mishipa yangu imepigwa picha?

Matibabu na uamuzi wa kusubiri

Kivimbe kilichopasuka hufungwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kwenye shina lake kwa kibanio cha chuma, kazi ambayo daktari Mmarekani Walter Dandy aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Ya pili ni kupita ndani ya mshipa na kukijaza waya laini wa platinamu, njia iliyobuniwa na Guido Guglielmi na kuanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ukiwa na wagonjwa 2,143 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa waya na asilimia 30.6 kwa waliopasuliwa. Hata hivyo kuna vivimbe ambavyo umbo na mahali pake vinafaa kibanio zaidi. Mgonjwa pia hupewa nimodipini kwa siku 21, ili kupunguza madhara ya ubongo kukosa damu katika wiki zinazofuata. Familia isishangae mgonjwa kubakizwa wodini muda mrefu ilhali anaonekana amepona.

Kupona kupo. Joe Biden alipasuliwa mara mbili mwaka 1988 kwa vivimbe viwili, na mwaka 2021 akaapishwa kuwa rais wa Marekani. Mwigizaji wa Uingereza Emilia Clarke alishikwa na kichwa mwaka 2011 akifanya mazoezi jijini London, akiwa na miaka 24. Baada ya matibabu kuna siku ambazo maneno yalimpotea, hata jina lake hakuweza kulitaja. Baadaye akarudi kazini. Anayewauguza watu wa namna hii ajue kwamba uchovu, kusahau na hasira za ghafla huweza kudumu kwa miezi bila mgonjwa kuwa mvivu wala mkorofi.

Hali ni tofauti kwa aliyepigwa picha kwa sababu nyingine na kukutwa na kasoro isiyopasuka. Daktari akisema "tutaifuatilia", ndugu hudhani amekata tamaa au anataka fedha. Kwa kivimbe kidogo, hatari ya upasuaji inaweza kuzidi ile ya kukiacha. Kwa fundo la mishipa lisilowahi kuvuja, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 223 kwa karibu miaka mitatu: kifo au kiharusi kiliwapata asilimia 10.1 ya waliotibiwa dalili tu, dhidi ya asilimia 30.7 ya waliofanyiwa upasuaji, mionzi au kuzibwa mishipa. Wapo madaktari wanaosema miaka mitatu ni michache kwa kijana mwenye miongo mingi mbele yake, na hoja yao ina uzito. Kwa hiyo umri, ukubwa wa fundo, mahali lilipo na historia ya kuvuja ndivyo viamue. Mionzi nayo, ikichaguliwa, huchukua miaka miwili au mitatu kulifunga fundo, na katika muda huo linaweza kuvuja.

Ukiwa na nafasi, tafuta maoni ya daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kabla ya kuuza shamba kwenda nje. Wapo katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, Mnazi Mmoja Zanzibar, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala. Nenda na CD ya picha zako, karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Uliza: kasoro yangu ina milimita ngapi, iko wapi, hatari yake kwa mwaka ni ipi, na mnaofanya matibabu haya hapa mmeyafanya kwa wangapi? Mwulize na mtu wa bima kipi kinalipwa, mapema na kwa maandishi.

Wakati wa kusubiri kuna kazi. Acha sigara kabisa, kwa kuwa huchangia vivimbe kuota na kupasuka. Presha ipimwe na dawa zake zimezwe kila siku, hata siku ambazo kichwa hakiumi. Kokeni na dawa nyingine za kusisimua mwili zisiguswe. Mwenye ndugu wawili au zaidi wa karibu, yaani mzazi, kaka, dada au mtoto, waliopata anurisimu, pamoja na mwenye ugonjwa wa kurithi wa uvimbe maji kwenye figo, azungumze na daktari juu ya kupigwa picha hata kama hana dalili. Na tarehe ya picha ya marudio iandikwe kwenye simu ya mgonjwa na ya mtu mwingine mmoja nyumbani, kwa sababu uamuzi wa kusubiri ni salama kwa yule tu anayerudi kuangaliwa.